Laini kwa Bunduki, Ngumu kwa Nyati

Vumbi la karakana yangu lina uzito. Vumbi la barabarani hupaa, huzunguka, hucheza na mwanga wa dirishani. Hili langu, kaka, hutua. Hutua juu ya benchi, juu ya koleo, juu ya kalibu ya marehemu baba, na likishatua halinyanyuki. Asubuhi moja mwanga ulipoingia kwa ubavu, nilijikuta nimechora kwa kidole mstari mmoja mrefu katikati ya vumbi hilo. Nikaufuta upesi. Sijui niliogopa nini.

Nakusimulia mambo unayoyajua, kwa sababu ndani yake limo moja ambalo hukulijua.

Wewe ulirithi bunduki, mimi nikarithi moto. Ndivyo baba alivyotugawia. Kwako gobori lenye kibali, lile linaloshindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi ya mviringo juu yake, kisha mdeki, ile fimbo ya kusukumia, hadi vyote vikae chini kabisa, na mwisho fataki ya kuwasha baruti. Kwangu kalibu, chungu cha chuma, upawa, na ufundi wa kusubu, kuyeyusha madini na kuyamimina kalibuni yakawa risasi. Halafu katikati yetu akaja wifi, mkeo, fundi cherehani, akawa anakata vile vitambaa vya kuvisha risasi, duara kwa duara, kila kimoja sawa na mwenzake.

Kitambaa cha wifi, risasi yangu, mkono wako. Miaka kumi na minne nguruwe mwitu waliujua mpaka wa mashamba yetu.

Risasi. Neno letu ni hilo moja tu. Madini yenyewe ni risasi, na kinachotoka mtutuni ni risasi. Bado ni bomba kuukuu, bado ni kipande cha paa, bado kinalala uwanjani kwa muuza vyuma chakavu, na tayari tumeshakiita kwa jina la kazi yake.

Baba alinifundisha kuichagua. "Weka ukucha," aliniambia. Iliyo laini inaupokea ukucha kama sabuni, inabaki na alama ya mwezi mchanga. Iliyo ngumu inaukataa. Kisha uidondoshe juu ya jiwe. Laini husema pu, ikanyamaza. Ngumu hulia, ting, na kulia kwake kunabaki sikioni.

"Bunduki yetu inataka ile inayonyamaza," alisema baba. "Laini ina adabu. Ukiisukuma, inaufuata mtutu ulivyo, na masizi yake, na mikwaruzo yake. Ngumu haina adabu. Tena ikipoa haijikunyati kama laini, inatoka kalibuni imenenepa kwa unywele mmoja. Ikikwama njiani, mwanangu, baruti iko chini, risasi iko juu, katikati pana nafasi tupu, hapo usithubutu kufyatua. Hiyo si risasi tena. Ni kizibo. Kitakachopasuka ni mtutu."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwitikia, nikaenda kuchota mkaa. Lakini neno lile, kizibo, lilikaa mahali fulani nyuma ya shingo yangu, na halijatoka.

*

Nyati alikuja msimu wa mahindi kubeba. Mmoja, peke yake, pembe ya kushoto imevunjika. Alitoka kwenye matete ya bondeni, akapita mashambani kama mtu anayekagua mali yake.

Hatukumwona siku tatu za kwanza. Tuliona mahindi yaliyolala, tukaona nyayo zilizojaa maji, tukaona mbwa wanaoingia uvunguni mchana kweupe. Ndege walihama kwenye matete. Bonde zima likawa limezuia pumzi.

Siku ya nne akamkuta mlinzi wa kisima. Yule mzee tuliyemwita Bwana Bado, kwa sababu kila ulipomuuliza kama tangi limejaa, alikujibu, "Bado." Alipigwa na kutupwa juu ya ukuta wa tangi, mbavu zikaingia ndani. Wakamlaza kwenye jamvi, watu wakamsogelea, mtu mmoja akauliza kwa kunong'ona, "Amekufa?" Naye, macho ameyafumba, akajibu mwenyewe, "Bado." Watu wakacheka huku wanalia. Aliishi siku mbili kwa neno hilo.

Ofisi ya wanyamapori ikasema watu wao watafika baada ya wiki moja, gari lipo matengenezoni. Kibali cha kulinda mashamba ulikuwa nacho wewe. Ukaenda.

Ukampiga kwa umbali wa hatua arobaini, begani, kwa risasi yangu laini. Uliniambia ulivyoisikia ikigonga, kama mtu aliyepiga mto kwa ngumi. Nyati akatikisika, akakutazama, akageuka, akarudi kwenye matete akitembea. Hakukimbia, kaka. Alitembea.

Watu wakaiokota risasi ile kwenye tope siku ya pili. Ilikuwa bapa. Ilikuwa pana na nyembamba kama kifungo cha koti. Ngozi ile na mfupa ule viliikunja, na laini ikafanya kile ambacho laini hufanya: ikakubali.

Kifungo kile kikazunguka mtaani kabla hakijafika kwangu. Kinyozi alikiona, muuza mkaa alikiona, wanawake wa kisimani walikipima kwa vidole. Nilipopita, mtu mmoja kibarazani akasema kwa sauti ya kusikika, "Dada yetu siku hizi anasubu nta." Wengine wakacheka kidogo tu, kicheko cha watu wenye hofu. Nami nikacheka nao. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la mkaa hadi uso uliponipoa.

Hapo ndipo ilipoanzia. Usidhani ilianzia kwako.

*

Ulikuja saa tatu asubuhi, hukukaa. Ulisimama mlangoni, mwanga nyuma yako, sikuuona uso.

"Mdogo wangu, nisubie ngumu."

"Bunduki yako haitaki ngumu."

"Najua bunduki yangu inataka nini. Nakuambia nyati anataka nini."

"Baba alisema…"

"Baba alipiga nguruwe." Kisha ukasema taratibu, "Sasa amejeruhiwa, na nimemjeruhi mimi. Akitoka tena atatoka ana hasira na mimi, lakini atakayemkuta si mimi. Atamkuta mtoto wa mtu ana ndoo kichwani."

Ulikuwa na haki, kaka. Laini kwa bunduki, ngumu kwa nyati. Mambo mawili ya kweli, na kalibu ni moja.

Nilikwenda kwa mpiga chapa mstaafu, yule wa nyumba yenye ngazi tatu. Alikuwa bado ana trei za herufi zake, herufi ndogondogo za risasi zilizokaa kinyume, zimelala kwenye visanduku vyake kama meno. Nikamwomba trei moja.

"Hizi si risasi tupu, mama," alisema, akizipapasa kwa kiganja. "Zimechanganywa ili zisipondeke chini ya mashine. Zimepiga chapa mialiko ya harusi na matangazo ya vifo miaka thelathini, na bado zina ncha. Unazitakia nini?"

"Nyati."

Akanisogezea trei moja. "Chukua," alisema. Kisha, nilipokuwa nashuka ngazi, akaniita. "Usizitie nyingi."

Nilifungua madirisha yote mawili, nikafunga kitambaa puani, nikawasha mkaa. Nikayeyusha kwanza mabomba, risasi laini ya baba, ikalala chunguni tulivu, inang'aa kama jicho. Kisha nikatia herufi. Hazikuzama. Zilielea kwanza, moja moja, zikageukageuka, nikaona nusu ya neno ambalo sikulisoma, halafu zikalegea, zikaingia. Uso wa chungu ukabadilika rangi. Ukawa na weupe fulani wa baridi, ilhali joto lake lilikuwa linanichoma nyusi.

Nikasubu mbili tu. Nikazidondosha juu ya jiwe.

Ting.

Ting.

Wifi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani yake ng'ambo ya ua. "Ni nini hicho?"

"Risasi."

"Mbona inalia?"

Sikumjibu. Nikampelekea moja, akaipima kwa kitambaa chake cha siku zote, kile kizito cha pamba. Akatikisa kichwa. "Kwa unene huu haitaingia. Nikate kitambaa chembamba? Lakini chembamba kitachanika, wifi. Kitachanika njiani."

"Kata chembamba," nilisema. "Na mimi nitaipunguza risasi."

Kuipunguza ni kuiviringisha kati ya mabamba mawili ya chuma, polepole, kwa uzito wa mwili, ukiigeuza, ukiipima, hadi ule unywele wa unene uondoke bila kuiharibu duara. Kwa risasi laini ni dakika tano. Kwa ile ngumu, ya kwanza ilinichukua muda wa jua kuhama kutoka benchi hadi sakafuni. Lakini ilikwisha. Niliijaribu mdomoni mwa mtutu wa bunduki yako, uliyoniachia asubuhi, pamoja na kitambaa chembamba, ikashuka kwa nguvu ya kiganja. Sawasawa.

Nikaiweka ya pili kati ya mabamba. Nikaiviringisha mara tano, sita.

Ndipo wakapiga kelele bondeni.

Uliingia mbio, ukaichukua bunduki. "Yuko kisimani. Watoto wamepanda juu ya tangi, hawawezi kushuka. Nipe."

Mkono wako ulikuwa umenyooka. Nikachukua ile iliyokwisha, nikaitia kwenye kopo. Na ile ya pili ikawa kiganjani mwangu, bado ina joto la kusuguliwa, bado imenenepa. Nilijua. Nilivyoishika tu, nilijua.

Ukauliza, "Zote ziko sawa?"

Kulikuwa na pumzi moja hapo. Pumzi moja nzima, kaka, ilikuwa yangu, ningeweza kuitumia. Ningesema chukua moja, na hii niachie, na laini nne hizi hapa. Lakini nikakumbuka kicheko cha kibarazani. Nikaona unakwenda na risasi moja tu ngumu, unakosa shabaha, unarudi kwenye nta yangu mbele ya watu wote. Nikatia ya pili kwenye kopo. Ikagonga mwenzake. Ikalia.

"Ziko sawa," nikasema.

*

Nilikufuata. Wifi naye alinifuata, mkasi mkononi, amesahau kuuweka.

Jua lilikuwa utosini. Watoto wanne juu ya tangi la maji, wamekumbatiana, hawalii. Chini yao, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nyati. Bega lake lilikuwa na doa jeusi, na nzi. Alikuwa anapumua kwa sauti, na kila alipopumua vumbi liliondoka mbele ya pua yake.

Ulishindilia pale nyuma ya kichaka cha mkonge. Baruti, kitambaa, risasi. Mdeki ukashuka hadi ile alama yake nyekundu, inayoonyesha kwamba risasi imefika chini, ikawa sawa na mdomo wa mtutu. Nikapumua. Ukapachika fataki. Ukainuka.

Hatua thelathini. Moshi mweupe ukakufunika wote, na sauti ikagonga tangi na kurudi. Moshi ulipofunguka nyati alikuwa amepiga magoti. Watu nyuma yetu wakapiga ukelele wa shangwe.

Kisha akainuka.

Akainuka kwa miguu mitatu, akageuza kile kichwa chenye pembe moja, akakuona. Akaanza kuja. Hakuwa na haraka. Hatua, akasimama. Hatua, akasimama. Damu ikamtoka puani.

Ukamwaga baruti ya pili. Ulikuwa mtulivu, kaka, watu wote watakuambia. Lakini baruti ya kwanza ilikuwa imeacha masizi mtutuni, na hapakuwa na muda wa kupangusa. Kitambaa, risasi, mdeki. Ukasukuma.

Nikaona mdeki unasimama.

Ukasukuma tena kwa kifua. Ukashuka kidole kimoja, ukasimama. Ile alama nyekundu ilikuwa juu, mbali na mdomo wa mtutu, urefu wa mkono mzima ulikuwa bado nje. Nikasikia ile sauti ya baba nyuma ya shingo yangu. Nikapiga kelele, "Haijafika! Kaka, usifyatue! Haijafika!"

Ulinisikia. Najua ulinisikia, kwa sababu uligeuza macho upande wangu mara moja. Halafu ukawatazama watoto, na nyati alikuwa hatua kumi na tano. Ukang'oa mdeki. Ukapachika fataki.

Sauti ya pili haikufanana na ya kwanza. Ilikuwa fupi. Ilikuwa kavu, kama ubao mkubwa unaovunjwa gotini.

Moshi haukutoka mdomoni mwa bunduki. Ulitoka katikati.

Wifi alifika kwako kabla yangu. Nilimwona anapiga magoti, anakata kwa ule mkasi sketi yake mwenyewe, vipande virefu, anafunga, anafunga, anafunga. Hakupiga kelele hata moja. Na nyati, kaka, ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama tena, alikuwa amelala hatua nane kutoka ulipoangukia. Amekufa. Amekufa kwa ile ya kwanza. Alikuwa anakuja kwako akiwa maiti anayetembea. Ungekaa kimya ukahesabu hadi kumi, angeanguka mwenyewe.

*

Walikukata mkono wa kushoto juu ya kifundo. Ukakaa hospitalini wiki sita.

Mchinjaji aliyempasua nyati alinikuta karakanani, akanipa ile risasi ngumu ya kwanza aliyoitoa mapafuni. Ilikuwa bado duara. Imekwaruzwa upande mmoja tu. "Mama," alisema, na macho yake yalikuwa na heshima, "hii ndiyo risasi."

Watu wakanisifu. Wale wa kibarazani walisimama nilipopita. Waliniletea pole kwa ajili yako na pongezi kwa ajili yangu katika sentensi moja, na nilizipokea zote mbili kwa mkono mmoja. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa inayofanana na ile.

Wakasema bunduki ilikuwa kuukuu. Wakasema baruti ilizidi. Na wifi, wifi akasema ni kitambaa. Alisema kilikuwa chembamba, kikachanika, kikajikunja mbele ya risasi, kikaizuia. Alisema alijua kitachanika na akakikata. Alilikusanya jora zima la kitambaa kile akalichoma nyuma ya nyumba, na cherehani akaifunika kwa shuka. Wateja wakaja, akawaambia mikono yake ina nuksi.

Nilimsikia akisema hivyo. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika sufuria ya uji wako. Nikanyamaza. Siku hiyo, na iliyofuata, na wiki sita.

Na mimi nikaacha kusubu. Niliwaambia kifua kinaniuma. Basi wenye magobori wa upande wa pili wa bonde, wanaume tisa, wakaenda kwa mchomeleaji wa milango, yule kijana mcheshi wa mtaa wa chini, wakamwambia wanataka ngumu, kama za yule dada. Akawayeyushia sahani za betri kuukuu. Hajui ukucha. Hajui jiwe. Anajua tu kwamba ngumu iliua nyati. Mchana nilikuwa nawasikia wakicheka huko barabarani, wakizirusha mikononi.

Ulirudi nyumbani. Nilikukuta kibarazani kwako unajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na wifi ndani, kimya. Hukuniangalia. Uliendelea na kifungo.

"Mdogo wangu," ulisema, "ile ya kwanza ilishuka kama siagi. Mtutu ulikuwa mchafu, sawa. Lakini si kwa kiasi kile. Nimelala kitandani wiki sita nikiisukuma tena. Ile ya pili uliipunguza?"

Kifungo kikaponyoka. Ukakitafuta tena kwa kidole gumba.

"Sikuipunguza," nilisema. "Nilianza tu. Nilijua. Niliona haya kukupa moja."

Nilingoja uunyanyue mkono uliobaki nao unipige. Nilikitaka kile kipigo. Lakini ulikaa, umeshika shati kifuani, na uso wako ukazeeka mbele yangu, miaka mingi kwa mara moja.

"Ulinipigia kelele nisifyatue," ulisema mwishoni. "Nikafyatua. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako nenda ukalibebe." Ukaonyesha mlango kwa kidevu. "Mke wangu halali. Ingia ukamwambie. Sitamwambia mimi."

Ilikuwa hatua sita kutoka pale hadi chumbani. Wifi alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani, ile cherehani iliyofunikwa mbele yake. Nikasimama. Nikamwambia yote: kicheko, mabamba, pumzi ile moja, kopo. Nikamwambia kitambaa chake hakikuwa na kosa.

Niliusikia mguu wako ukisogea kibarazani. Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Kitambaa changu."

"Hakikuwa na kosa, wifi. Ni risasi. Ni mimi."

Akainuka. Nilidhani anatoka aniache. Badala yake alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akanitoa nje, akanipitisha mbele yako, akanivusha barabara jua la saa tisa likitupiga usoni, hatuna viatu sote wawili, hadi kwenye banda la mchomeleaji. Wanaume tisa walikuwa pale wakisubiri, magobori yameegemea ukuta. Yule kijana alikuwa ameinama na upawa mkononi. Wakageuka wote. Mmoja wao, akinitambua, akaanza kunisalimia kwa heshima, akitabasamu.

"Mnyamaze," alisema wifi. Hakuniachia mkono. "Rudia hapa."

Nikarudia.